MALI BILA DAFTARI: HISTORIA YA NGITILI NA FEDHA ZA MITI MKOANI KWETU



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Kamati ilipogawana kazi ya kijitabu hiki, mmoja alipewa kuandika juu ya hisa na mikopo, mwingine akapewa majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mimi Mwenyekiti nikaambiwa niandike historia ya miti. Nikauliza, jamani, kikundi cha kuweka na kukopa kina historia gani na miti? Mama mmoja akanijibu, "Mwenyekiti, umesahau kitalu?" Nikanyamaza. Sijasahau.

Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nitaandika niliyoyaona kwa macho, niliyosimuliwa na wazee, na yale ambayo wataalamu wameyaandika juu ya Shinyanga yetu. Ninaposema Shinyanga nina maana ya mkoa ule wa zamani, kabla ya mwaka 2012 ambapo Maswa, Meatu na Bariadi ziliingia mkoa wa Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita.

NGITILI NI NINI

Wazee wanajua, lakini naandika kwa ajili ya vijana wetu. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ili nyasi na miti vikue. Kiangazi kikikaza, eneo lile linafunguliwa kidogo kidogo. Zamani walitangulia kuingia ndama, ng'ombe wenye maziwa na maksai wa kulimia. Ni akiba. Ukiitazama vizuri, ngitili ni kama sanduku letu: unaweka wakati upo, unatoa wakati hakuna. Wasukuma walikuwa wanaweka na kukopa kwa ardhi kabla ya sisi kujua habari za hisa.

Zilikuwepo ngitili za familia na za kijiji. Sheria yake ilikuwa ya wazee, na aliyeivunja aliitwa kwenye dagashida, yaani baraza la wananchi, akatozwa faini. Baadaye, miaka ya 1980, sungusungu walipoanza, wao pia wakawa walinzi wa ngitili.

JINSI NCHI ILIVYOBAKI UCHI

Mimi nimezaliwa wakati nchi tayari iko uchi. Mama alinisimulia kwamba bibi yake aliokota kuni nyuma ya nyumba. Mimi nilipokuwa shuleni, tulikuwa tunaamka alfajiri kufuata kuni mbali sana, na siku nyingine tulipikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mavi yale yangekuwa mbolea shambani, sisi tuliyachoma. Ndiyo maana nasema umaskini wa miti haukai porini peke yake. Unaingia jikoni, halafu unaingia shambani.

Ilikuwaje? Sababu hazikuwa moja. Wakati wa ukoloni, miaka ya 1920 na kuendelea, palikuwa na vita dhidi ya mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa hapa hapa Shinyanga, na watu walikusanywa kufyeka mapori ili mdudu yule akose kivuli. Mbung'o alipungua, ng'ombe wakaongezeka, lakini miti ilikuwa imekwenda. Kisha pamba ikapanuka, kila mtu akataka shamba kubwa. Watu wakaongezeka na mifugo pia. Halafu mwaka 1974 na miaka ya jirani yake ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, wakaacha maeneo yao na ngitili zao nyuma. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho hakioni. Nyingi zikalishwa na kukatwa mpaka zikaisha.

Mwalimu Nyerere, kabla hajang'atuka mwaka 1985, alifika akaiona hali hii, akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Neno hilo lilituuma, lakini lilikuwa la kweli.

HASHI YAINGIA

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sote tunaujua kwa jina la HASHI. Fedha zilitoka Serikalini na kwa wananchi wa Norwe kupitia shirika lao la NORAD. Baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF nao wakaungana na mradi. HASHI iliendelea mpaka mwaka 2004, yaani miaka 18.

Mimi nilikuwa msichana. Nakumbuka magari, nakumbuka vitalu, nakumbuka bwana miti akigawa miche. Mwanzoni kazi kubwa ilikuwa hiyo ya vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Na ukiwa na kitalu, cha kuhesabu ni rahisi: miche mingapi imeoteshwa, mingapi imegawiwa. Lakini mche uliogawiwa ulikutana na jua letu, mchwa wetu na mbuzi wetu.

Baadaye wataalamu wakakaa chini na wazee, wakauliza: ninyi zamani mlifanyaje? Wazee wakasema: ngitili. Ukifunga eneo, visiki vilivyomo ardhini vinachipua vyenyewe. Mizizi ipo, inangoja tu kuachwa ipumue. Basi mradi ukageuka. Badala ya kusukuma miche peke yake, ukasaidia vijiji na familia kurudisha ngitili na sheria ndogo za kuzilinda. Naliona hilo kuwa jambo la heshima katika mradi ule. Waliangalia kazi yao, wakakubali kwamba kuna njia iliyo bora, wakaifuata.

WALIHESABU NINI

Sasa fedha zile zilizaa nini? Tunaweza kujibu kwa sababu watu walikwenda kupima. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Miaka ya mwanzo ya 2000, zilikuwa zimefika hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji 833. Msitu wote huo haukupandwa kwa mkono. Sehemu kubwa umejirudisha wenyewe baada ya kulindwa.

Mwaka 2005 Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN walitoa utafiti uliouliza familia zenyewe. Hawakuhesabu miti tu. Waliuliza: ngitili imekupa nini? Watu wakataja kuni, fito, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, matunda, uyoga. Thamani yake ikapigwa hesabu, ikawa kama dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa wastani wa dola 8.50 kwa mwezi. Katika kila familia 100, familia 64 zilisema hali yao imekuwa nafuu kwa sababu ya ngitili.

Hesabu niliyoipenda mimi ni ya saa. Walikuta kwamba mama aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni ameokoa saa 2 mpaka 6. Kwenye maji ameokoa saa 1 mpaka 2. Wanaume wanaweza kuisoma hesabu hiyo wakapita. Mwanamke akiisoma anakaa chini. Saa nne ni shamba la viazi, ni mtoto wa kike kuwahi shule, ni mama kukaa kwenye mkutano wa kikundi bila kukimbia. Nasema bila woga kwamba kikundi chetu hakingekuwepo kama tungekuwa bado tunatembea zile kuni za utoto wangu. Hela ya hisa inatafutwa kwa saa.

AMBACHO HAKIKUONEKANA VIZURI

Lakini hesabu nzuri huonyesha na kasoro. Katika vijiji 172 vilivyopimwa kwa karibu, zilikutwa ngitili 18,607, zenye hekta 78,122 kwa pamoja. Katika hizo, za jumuiya zilikuwa 284 tu. Zilizobaki zote zilikuwa za watu binafsi. Kwetu ngitili ya familia huitwa kwa jina la baba. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Asiye na ardhi hana cha kufunga. Mjane anategemea shemeji zake watakavyoamka siku hiyo.

Sheria haiko hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Sheria zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama na kuuliza jina la mama liko wapi katika karatasi. Mkikuta mahali wanajisifu kwamba "wananchi" wamefaidika, ulizeni wananchi gani.

KITALU CHETU

Sasa nifike kwenye jambo letu wenyewe, na hapa sitajificha.

Kikundi kilipokuwa bado kichanga, mradi mmoja wenye fedha za umma ulitaka miche kwa ajili ya ngitili ya kijiji. Jina la mradi sitalitaja. Tukapewa kazi ya kitalu. Tulifurahi sana. Tulijaza viriba udongo na samadi, tukabeba maji kutoka lambo asubuhi na jioni, wengine na watoto mgongoni. Malipo yalikuwa kwa idadi ya miche. Mche mmoja, bei yake. Hela ile ndiyo iliyokuza mfuko wetu, na wengi wenu mlipata mkopo wa kwanza kutoka humo.

Lakini gari la kuchukua miche lilichelewa. Lilipofika, mvua zilikuwa zinaaga. Miche ilipandwa kwa siku moja, wageni walikuja, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Wiki chache baadaye akaja kijana na karatasi. Iliandikwa "miti iliyopandwa", kisha idadi, kisha mahali pa sahihi ya Mwenyekiti wa kikundi. Nilitia sahihi. Sikuandika uongo, maana miche ilipandwa kweli. Lakini tayari nilikuwa nimepita kule njiani nikaona ng'ombe wako ndani na majani yamekauka. Nilijua, na nilisaini.

Katika mkutano wetu wa wiki iliyofuata, mweka hazina akiwa anafunga sanduku, mwanachama mmoja mkimya sana aliinua mkono. Akasema: "Mwenyekiti, mtu akikopa hapa, tukaandika tu siku aliyochukua, tusiandike anachorudisha, mwisho wa mwaka tukivunja sanduku tutagawana nini?" Tukacheka. Akasema: "Basi ile miche ndivyo tulivyoiandika."

Hakuna aliyecheka tena.

Jumamosi tulikwenda kumi na mmoja na daftari la kikundi. Tulifuata mistari, mmoja anataja, mmoja anaandika: hai, mfu, hai, mfu. Kwa wastani katika kila miche kumi tulikuta miwili hai. Pembeni, upande wa kilimani ambako mzee mmoja alikuwa amezungushia miiba mwenyewe bila kulipwa na mtu, visiki vya zamani vilikuwa vimechipua mpaka kiunoni. Hakuna aliyepiga picha pale. Yale ambayo HASHI walijifunza, sisi tulikuwa tumeyasahau, na tulilipwa kuyasahau.

MKUTANO WA KIJIJI

Tulibishana mwezi mzima. Wengine walisema tukinyamaza tutapewa kazi ya kitalu tena, tukisema tutakosa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikuwa ada ya shule ya watoto. Mwishowe tulipiga kura kama tunavyopigia mkopo mkubwa, na waliotaka tuseme wakazidi kidogo tu.

Kwa sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Tulikwenda na daftari. Nilisimama nikaanza kwa kusema kosa letu kwanza, kwamba sisi kikundi tulilipwa na mimi nilisaini. Kisha nikasoma hesabu ya miche hai. Halafu tukaomba tusomewe fedha za upandaji zilikuwa kiasi gani, na ada za malisho na faini za ngitili zimekwenda wapi.

Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja alisema wanawake wameanza kuwa wapelelezi. Mwingine akauliza mume wangu yuko wapi. Mume wangu alikuwepo, akasema, "Nipo, na mimi nataka kusikia hiyo hesabu." Siku ile haikusomwa. Tulirudi mkutano uliofuata, na uliofuata tena. Safari ya tatu mapato na matumizi yalisomwa, na karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Sitadanganya kwamba kila kitu kilieleweka. Fungu moja mpaka leo hatujaelezwa, na kila mkutano bado tunaliuliza.

Lakini yapo yaliyobadilika. Mkutano uliamua kwamba fedha ya miti ikija tena, nusu italipwa miche ikipandwa na nusu baada ya kiangazi cha pili, kwa kuhesabu iliyo hai, na wahesabuji wawe wanawake na wanaume. Fungu litengwe kwa ajili ya mlinzi na uzio wa miiba, maana ulinzi ndio unaootesha. Na akina mama wawe na siku zao za kukata nyasi na kuokota kuni kavu, hata wasio na ng'ombe.

Uamuzi huo ulitugharimu sisi wenyewe. Kusubiri malipo viangazi viwili si mchezo. Wanachama wawili walijitoa. Nawakumbuka bila kinyongo, na mlango uko wazi. Mimi nasema ni afadhali hela inayochelewa ikaja na kivuli, kuliko ile inayowahi ikatuachia viriba vitupu.

KWA NINI HAYA NI YETU

Mtu atasema, hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Serikali ina wakaguzi wake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa kila mwaka, nayo hupelekwa Bungeni. Wataalamu nao wamepima misitu ya nchi nzima. Hesabu waliyoitoa mwaka 2015 ilionyesha hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya nchi kavu ya Tanzania Bara. Mwaka 2018 nchi yetu iliahidi kurudisha uoto katika hekta milioni 5.2 katika mpango wa Afrika uitwao AFR100. Na kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka.

Hizo ni ahadi kubwa, na fedha yake ni ya kwetu sote, iwe imetoka kwenye kodi, kwenye mkopo utakaolipwa na wajukuu, au kwa wananchi wa nchi nyingine waliojinyima. Lakini mkaguzi wa mjini anaona risiti. Hawezi kupita kila mstari kuuliza hai au mfu. Anayepita pale kila siku ni wewe mama unayekwenda lamboni.

Kwa hiyo katika daftari letu tumeongeza ukurasa wa miti, na maswali ni manne tu. Mnaweza kuyakariri:

Moja, fedha ni kiasi gani na imetoka wapi?
Mbili, imenunua nini, na nani alisaini?
Tatu, baada ya kiangazi cha pili, ni nini kilicho hai?
Nne, nani amefaidika, na je, jina la mwanamke limo?

Swali la kwanza na la pili hujibiwa ofisini. La tatu na la nne hujibiwa kwa miguu.

MWISHO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari la hisa tangu siku ya kwanza, lenye mistari na muhuri, na funguo tatu za sanduku kwa watu watatu. Shilingi mia ya faini ya kuchelewa tuliiandika. Lakini msitu mzima tuliuacha uende bila kuandikwa, kwa sababu tulidhani si wetu.

Ngitili ya kijiji sasa imeanza kushikana. Si yote. Upande wa barabara bado pana vipara, na wachoma mkaa wanakuja usiku. Lakini mwezi uliopita nilikwenda na mjukuu wangu wa kike kuokota kuni. Tulikwenda na kurudi uji ukiwa bado wa moto kwenye chungu. Akaniuliza, "Bibi, hivi ni kweli zamani mlikuwa mnalala njaa kwa kukosa kuni?" Nikamwambia kaa chini nikusimulie. Na ndiyo hiyo historia niliyowaandikia.

Wafadhili na majirani zetu, mkija kutusaidia tena, karibuni sana, lakini msije siku ya kupanda peke yake. Njooni na siku ya kuhesabu. Tutawapa daftari mshike wenyewe.

Wanachama wenzangu, hongereni kwa miaka kumi. Tukutane Jumatano, na anayechelewa faini ni ile ile.

Wenu katika ujenzi wa kikundi,
MWENYEKITI